Sura ya Tano: Hesabu Huanzia kwenye Nyama

Anayejiandaa kumwinda elki kwa mara ya kwanza huuliza kwanza habari ya bunduki. Atumie risasi ya ukubwa gani, darubini ya kampuni gani, apige kutoka umbali gani. Ni maswali ya haki, ila yanaanzia katikati ya safari. Kupiga risasi ni jambo la sekunde moja. Kinachofuata huchukua siku nzima, wakati mwingine mbili, na hapo ndipo hujulikana kama safari ilipangwa au ilibahatishwa. Mnyama wa kilo 300 amelala kwenye mteremko, giza linaingia, gari liko ng'ambo ya bonde, na hakuna mwingine wa kuibeba nyama hiyo.

Kwa hiyo tutapanga safari hii kinyumenyume. Tutaanza na nyama iliyokwisha kufika nyumbani, turudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye fomu ya leseni. Kila kifaa utakachonunua, kila kilomita utakayotembea mazoezini na kila alama utakayoweka kwenye ramani vitapimwa kwa swali moja: vitasaidia kuifikisha nyama nyumbani ikiwa salama? Mfano wetu ni Colorado, jimbo la milima lenye elki wengi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani, zaidi ya 250,000 kwa makadirio.

Mpagazi ni wewe

Elki ni wa jamii ya ayala. Kusini mwa Sahara hatuna ayala wa asili. Tulio nao ni swala, tandala, kongoni na pofu, ambao pembe zao hudumu maisha yao yote. Dume la elki huangusha pembe kila mwaka baridi inapokwisha, kisha huota nyingine zenye matawi, ambazo katika majira ya joto zinaweza kurefuka sentimita mbili na zaidi kwa siku moja. Dume mzima wa Milima ya Rocky huwa na kilo 300 hivi na kuendelea. Jike huwa na kilo 220 hivi. Aliyezoea wanyama wa Ruaha atamweka kati ya tandala mkubwa na pofu.

Theodore Roosevelt aliwinda puma karibu na mji wa Meeker, Colorado, mwanzoni mwa 1901, akisubiri kuapishwa kuwa makamu wa rais wa Marekani. Miaka minane baadaye, akiwa ameshamaliza urais, alishuka Mombasa Aprili 1909 na kuingia bara na msafara wa wapagazi zaidi ya mia mbili. Hao ndio waliobeba mahema, chakula, maboksi ya risasi na chumvi ya kuhifadhia ngozi. Hata leo, mgeni anayewinda kitalii Tanzania hafuatani na mzoga peke yake: yupo mwindaji bingwa, yupo skauti wa wanyamapori, wapo wafuata nyayo na wachunaji, na gari huja karibu. Katika Msitu wa Taifa wa White River, kwenye milima ileile iliyo jirani na Meeker, mtu wa kawaida mwenye leseni huingia porini bila msindikizaji wowote. Anakuwa rais na mpagazi kwa mwili mmoja.

Tupige hesabu ya mzigo. Dume mzima akishachunwa na kutolewa mifupa hutoa nyama ya kilo 90 hadi 110. Paja moja la nyuma likiwa na mfupa wake lina kilo 25 hadi 35. Mguu wa mbele pamoja na bega, kilo 15 hadi 20. Sarara mbili za mgongoni, steki za ndani, nyama ya shingo na ya mbavu hutimiza mzigo mwingine kamili. Kwa mtu mmoja mwenye afya hiyo ni mizigo minne, na bado hatujahesabu kichwa na pembe.

Mizigo minne kutoka kilomita mbili maana yake ni kutoka na mzigo mara nne na kurudi mtupu mara tatu. Jumla ni kilomita 14, nane kati ya hizo ukiwa umebeba. Mnyama huyohuyo akianguka kilomita tano kutoka barabarani, jumla inafika kilomita 35, na 20 ni za mzigo, kwenye mteremko wenye magogo yaliyoanguka na mawe yanayoteleza. Wakiwa wawili, kila mmoja na mizigo yake miwili, zile kilomita mbili humgharimu kila mtu kilomita sita tu. Ndiyo maana mwenzako wa safari ana thamani kuliko kifaa chochote utakachokikuta dukani. Asiye na mwenzake huweza kukodi watu wenye farasi wa kubeba nyama, lakini makubaliano hayo hufanywa kabla ya msimu. Ukipiga simu huku mzoga umelala porini, huenda farasi wote wako kwenye kazi ya wengine.

Kutokana na hesabu hii unapata ramani yako ya kwanza. Weka alama kwenye kila barabara na kila njia ya miguu inayoruhusiwa, kisha uzungushie eneo ambalo kweli unaweza kulitolea mizigo minne kabla nyama haijaharibika. Nje ya mstari huo unaweza kutembea, kutazama na kujifunza, ila bunduki haina kazi.

Joto halingoji

Adui wa kwanza wa nyama ya elki ni joto la mwili wake mwenyewe. Ngozi ni nene, shingo ya dume ina manyoya mazito, na paja la nyuma ni kipande kikubwa mno kiasi kwamba nyama iliyoshikana na mfupa huweza kuoza kutokea ndani huku nje ikionekana safi. Septemba, mchana unaweza kufika nyuzi joto 20 na zaidi hata milimani. Oktoba na Novemba usiku huganda, lakini mzoga ulioachwa na ngozi yake hautegemei hewa ya nje, unajipasha wenyewe.

Wawindaji wengi wa milimani humkatakata mnyama bila kulipasua tumbo. Mzoga hulazwa ubavu mmoja, ngozi hupasuliwa kando ya uti wa mgongo na kushushwa, kisha hutolewa mguu wa mbele, paja la nyuma, sarara na nyama ya shingo ya upande huo. Mzoga ukigeuzwa, upande wa pili hufanyiwa vivyo hivyo. Mwisho kisu hupita nyuma ya ubavu wa mwisho ili kuzitoa steki za ndani, na matumbo yanabaki mahali pake. Ukiwa na kisu kikali, kazi hii ya saa mbili au tatu haikulazimu kumning'iniza mnyama mzima wala kuwa na misuli ya kumbiringisha akiwa na uzito wake wote.

Vifaa vya kazi hiyo huingia kwenye mfuko mdogo: visu viwili au kimoja chenye makali ya kubadilisha, glavu, mita kumi za kamba, turubai jepesi, taa ya kichwani na betri za akiba, na mifuko mikubwa ya nguo nyepesi inayopitisha hewa na kuzuia nzi. Mfuko wa plastiki hufungia joto na unyevu ndani, kwa hiyo uuache nyumbani. Kila kipande kikishatoka kitundikwe kivulini penye upepo. Kikae mbali na utumbo na mifupa, mita mia hivi au zaidi, kwa sababu dubu hufuata harufu. Colorado wapo dubu weusi; ukienda Wyoming au Montana kuna pia grizi, anayeweza kuutwaa mzoga na kuulinda. Huko dawa ya kupulizia dubu hukaa kiunoni, pahali mkono unapofika.

Kwenye gari yakusubiri masanduku makubwa ya barafu, na nyumbani friza yenye nafasi ya lita 200 hivi kwa dume mmoja. Kama nafasi hiyo haipo, tafuta mapema duka la kuchakata nyama ya porini au majirani wa kugawana nao. Kugawa kunaruhusiwa, ila kuuza hapana. Nyama ya elki inayouzwa madukani Marekani hutoka kwenye mashamba ya kufugia, na anayeuza aliyoiwinda porini anavunja sheria.

Kichwa, supu na kisu

Jikoni kwetu kichwa hakitupwi na mifupa huenda kwenye supu. Kwa elki, desturi hiyo inahitaji tahadhari. Kuna ugonjwa wa kukonda unaowaua polepole ayala na elki, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwenye kituo cha utafiti huko Fort Collins, Colorado. Husababishwa na prioni, yaani protini iliyopinda umbo, ambayo moto wa jikoni hauiui hata supu ichemke usiku kucha. Hakuna mtu aliyethibitika kuambukizwa kwa kula nyama yake, lakini idara za afya zinashauri mnyama aliyepatikana nao asiliwe. Prioni hujikusanya zaidi kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, wengu na mitoki. Ndiyo sababu nyingine ya kutoa nyama mifupani palepale porini na kuiacha mifupa ya mgongo huko. Kichwa au mitoki ya shingoni hupelekwa kwenye ofisi ya wanyamapori kupimwa, na nyama hukaa kwenye friza bila kuguswa hadi majibu yarudi. Majimbo mengi pia yanakataza kuvusha ubongo na uti wa mgongo mpakani.

Mwindaji Mwislamu ana jambo jingine la kupanga. Wanazuoni wameruhusu windo kwa masharti: jina la Mwenyezi Mungu litajwe wakati wa kuachia mshale au risasi, na silaha ipenye mwilini, isiue kwa uzito wake tu. Mnyama akifikiwa amekwisha kufa kwa jeraha hilo, ni halali. Akifikiwa angali na uhai wa wazi, huchinjwa. Mwenye shaka amwulize shehe wake kabla ya safari. Na kwa dini yoyote, elki aliyelala hufikiwa kwa nyuma, upande wa mgongo, mbali na kwato na pembe, na jicho lake huguswa kwa kijiti kirefu kwanza. Likipepesa, kazi haijaisha.

Miguu na mapafu

Elki wengi wa Colorado huwindwa kati ya mita 2,400 na 3,400 juu ya usawa wa bahari. Denver uko mita 1,600 hivi, chini kidogo ya Nairobi. Mkazi wa Nairobi anayefika Denver hatasikia tofauti, na hapo ndipo anapodanganyika, maana kambi yake itakuwa juu zaidi kwa mita elfu moja au mbili. Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Houston ana kazi kubwa zaidi. Kuanzia mita 2,500 hivi ugonjwa wa mwinuko unaweza kumshika yeyote, kijana au mzee, mnene au mwembamba: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unapaa. Dawa ya kweli ni kushuka. Kinga yake ni kufika siku mbili tatu kabla ya msimu, kulala mahali pa kati, kunywa maji na kutojikaza siku ya kwanza.

Mazoezi yaanze miezi sita kabla, yafanane na kazi yenyewe. Kukimbia barabarani husaidia mapafu, lakini hakulifundishi goti kushuka mlima na kilo 25 mgongoni. Vaa shanta lilelile na buti zilezile utakazokwenda nazo. Anza na kilo kumi, ongeza taratibu, panda ngazi za ghorofa kama huna mlima karibu. Buti ambazo bado hazijaushika mguu wako zitakukata kisigino siku ya pili, na msimu wa siku tano utakuwa umebaki na tatu.

Nguo hupangwa kwa ngozi, kati na juu. Ya ngozini iwe ya sufu au ya kitambaa kinachokauka upesi. Pamba ikilowa jasho hubaki na maji na kukuibia joto. Oktoba asubuhi inaweza kuwa na jua na jioni ikaleta theluji ya kufika magotini. Kiberiti kwenye chombo kisichoingiza maji, chujio la maji, blanketi ya dharura na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni vitu vya kila siku, si vya siku mbaya tu, kwa sababu simu ya kawaida haishiki mtandao kwenye mabonde mengi. Mtu mmoja nyumbani awe na ramani yako na saa uliyoahidi kurudi.

Risasi moja

Sasa turudi kwenye swali la bunduki, ambalo limepungua ukubwa. Sheria ya Colorado inataka raifoli ya kuwindia elki iwe na kipenyo cha risasi kisichopungua milimita sita hivi. Wengi hutumia .270 Winchester, .308 au .30-06, iliyokuwapo tangu 1906, na wengine magnamu za milimita saba au .300. Zote zimekwisha kuangusha elki wengi. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu aliyefanya mazoezi na asiyefanya.

Lengo ni moyo na mapafu: mnyama akiwa amekupa ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi ya kimo cha mwili, nyuma kidogo ya bega. Risasi ya hapo huua upesi na haiharibu mapaja wala sarara. Risasi ya tumbo humtia mnyama mateso, humpeleka mbali hadi nje ya ile mipaka uliyoichora, na huichafua nyama. Mazoezi yafanyike mwili ukiwa katika hali ya porini: umeketi, umepiga goti, umeegemeza bunduki juu ya shanta, umetoka kupanda mbio hadi moyo unadunda. Umbali wako halisi ni ule ambao risasi zako tano zote zinaangukia ndani ya sahani ya sentimita 20 katika hali hiyo. Ukiwa mita 150, basi ni 150, hata kama bunduki inaandikwa kuwa inafika 500.

Wapo pia wanaowinda kwa upinde na kwa gobore, kila silaha ikiwa na msimu wake. Msimu wa upinde huangukia Septemba, majira ya kupandana, madume yanapoita kwa mlio mrefu mwembamba unaoishia na mikoromo. Mwenye upinde huweza kumwita dume hadi mita 30. Anachofaidi kwa ukaribu anakilipa kwa joto la Septemba, maana nyama humpa muda mfupi zaidi.

Ukisha kupiga, pakia tena na utazame alikoelekea. Ngoja nusu saa kabla ya kufuata damu. Mnyama aliyejeruhiwa akiachwa atulie hulala karibu. Akifukuzwa huvuka mabonde.

Upepo wa asubuhi, upepo wa jioni

Kabla ya kumpiga ni lazima umpate, na elki huamini pua yake kuliko macho. Hewa ya milimani ina ratiba. Usiku na alfajiri hewa baridi huteremka mabondeni. Jua likishapasha miteremko, hewa hupanda. Kivuli cha jioni kikiingia, huanza kuteremka tena. Kwa hiyo alfajiri humkaribia elki ukitokea chini, na hewa ikishageuka unakuwa umehamia juu yake. Chupa ndogo ya unga laini, ukiubonyeza hewani, itakuonyesha kila dakika harufu yako inakwenda wapi.

Siku yake ni rahisi kuieleza. Alfajiri na jioni hula majani kwenye nyasi za wazi na kando ya misitu ya aspeni. Mchana hulala kwenye msitu mnene, mara nyingi upande wa mlima unaotazama kaskazini ambako kuna ubaridi. Dume hujipaka matope kwenye madimbwi na kusugua pembe kwenye miti michanga hadi maganda yabanduke. Mavi yanayong'aa ni ya leo. Yaliyokauka na kupauka ni historia. Mara nyingine utamnusa kabla hujamwona, harufu nzito kama ya zizi.

Risasi za kwanza za msimu zikisikika, makundi hukimbia barabara na kuingia ndani. Hapo ndipo mgeni huvutwa kwenda kilomita ya sita, ya saba. Mwindaji mwenye hesabu hutafuta badala yake mifuko iliyosahaulika: bonde jembamba nyuma ya kilima kilicho kando ya barabara, kichaka kizito ambacho wenzake wamekipita wakielekea mbali. Elki hatafuti umbali, anatafuta pasipo na watu, na pahali hapo pakiwa karibu na gari, nyama imeshafika nusu ya njia.

Karatasi kabla ya pori

Mwisho wa hesabu yetu ndio mwanzo wa kalenda. Maombi ya leseni za bahati nasibu Colorado hufungwa mapema Aprili, na majibu hutoka karibu na Juni. Jimbo limegawanywa vitalu, na vitalu vinavyotamaniwa huhitaji pointi za kipaumbele zinazokusanywa kwa miaka. Anayeanza ana njia nyepesi: aombe leseni ya jike kwenye kitalu chenye ardhi kubwa ya umma. Nafasi za jike mara nyingi ni nyingi zaidi, mnyama ni mwepesi kubeba, na nyama yake ni laini. Ada ya asiye mkazi wa jimbo ni mamia ya dola. Mkazi hulipa sehemu ndogo tu ya hiyo.

Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Hudhuria darasa hata kama una uzoefu wa bunduki, maana humo ndimo utakutana na wenyeji. Msimu wa raifoli utavaa rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa, angalau inchi za mraba 500 kiwiliwilini, pamoja na kofia ya rangi hiyo. Kupiga kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Uthibitisho wa jinsia ya mnyama hubaki umeshikana na nyama njiani, na leseni hufungwa kwenye mzoga. Shamba la mtu haliingiliwi bila ruhusa hata kama halina kibao wala uzio, hivyo simu iwe na ramani ya mipaka inayofanya kazi bila mtandao. Anayeua na kuchukua pembe tu, akaiacha nyama, ametenda kosa la jinai. Jimbo liliongeza faini kwa wanaoua madume makubwa kinyume cha sheria mwaka 1998, kwa sheria iliyopewa jina la Samson, dume aliyependwa na watu wa mji wa Estes Park hadi jangili alipomuua mwaka 1995.

Kwa msomaji aliyehamia Marekani kuna sheria moja ya shirikisho ya kuijua mapema. Mwenye ukazi wa kudumu anaweza kumiliki bunduki kama mwananchi. Aliyeingia kwa viza ya muda, kwa mfano ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa na sheria, na leseni halali ya uwindaji ni mojawapo. Thibitisha hali yako kwa mwanasheria kabla ya kugusa silaha. Kosa hapo linaweza kukuharibia ukazi wenyewe. Na kila jimbo lina mambo yake: Wyoming, kwa mfano, haimruhusu asiye mkazi kuwinda wanyama wakubwa kwenye maeneo ya nyika yaliyotengwa na serikali ya shirikisho bila kiongozi mwenye leseni au mwenyeji wa kumsindikiza. Mji wa Missoula, Montana, ambako familia za Wakongo zilianza kupokelewa kama wakimbizi mwaka 2016, ndio pia makao makuu ya shirika la kuhifadhi elki, Rocky Mountain Elk Foundation, lililoanzishwa 1984. Anayeongea Kiswahili huko anaishi jirani na watu wanaojua milima hiyo, na kuuliza ni bure.

Karatasi hizi zina historia. Milima ya White River ilikuwa ya Waute, waliofukuzwa hadi Utah mwaka 1881 baada ya mapigano ya 1879. Miaka kumi baadaye serikali iliitenga kuwa hifadhi ya misitu. Wakati huohuo wawindaji wa biashara walikuwa wakiwamaliza elki, na mwanzoni mwa karne ya 20 Colorado ilibaki na wachache hata wengine wakaletwa kutoka Wyoming kwa treni na magari. Idadi ilirudi kwa sababu misimu ilifungwa, ikafunguliwa kwa kipimo, na fedha za leseni zikalipia askari wa wanyamapori na watafiti. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, kuna pia kodi kwenye bunduki ndefu na risasi, sasa ya asilimia 11, inayorudishwa majimboni kwa uhifadhi. Idadi ya leseni ndiyo inayoamua wangapi watolewe kwenye kitalu fulani mwaka huu ili mwakani wawepo wengine.

Kushusha bunduki

Katika mwaka wa kawaida Colorado, wenye leseni ya elki wanaofanikiwa hawafiki robo. Wageni wa mara ya kwanza wasitarajie kuwa juu ya hapo. Mwenda bure si mkaa bure, walisema wazee, na anayerudi bila nyama hurudi na kitu kama ameandika: upepo uligeuka saa ngapi, nyayo zilivuka wapi, magari yalikuwa mangapi mwisho wa barabara, mguu ulichoka kilomita ya ngapi.

Lakini kuna kurudi mtupu kwa namna nyingine, na ndiko kunakopima maandalizi. Ni saa kumi na moja jioni. Dume mkubwa amesimama ubavu, umbali unaouweza, kilomita tano kutoka barabarani, upande wa pili wa korongo. Uko peke yako na mchana ulikuwa wa joto. Sheria inakuruhusu, bunduki inafika, na matangazo ya dukani yalikuahidi dakika hii. Ile hesabu ya kilomita 35 inakwambia kwamba mzigo wa tatu utaoza kabla hujaufikia. Asiyejua anaweza kubeba nini hana msingi wa kukataa. Atapiga, kisha atajua. Aliyejipima tangu miezi ya baridi anashusha bunduki bila kubishana na nafsi yake. Jambo hilo pia humwonyesha la kubadilisha mwakani: aje na mwenzake, aagane na mwenye farasi, au achague kitalu ambacho malisho yako karibu na njia. Kisha, kabla maombi hayajafungwa Aprili, anajaza fomu tena.